Jina la Arobaini na Tatu

Enelesi Kaphuka alikuwa mtu wa kamati. Kijijini kwa chifu Chimbalanga, ambaye watu humwita mfumu, kusini mwa Malawi, hakuna kitu kilichowahi kuletwa kutoka nje bila kamati, na hakuna kamati iliyowahi kuundwa bila Enelesi kuwa katibu wake. Sababu ni mwandiko tu. Alisoma hadi darasa la nane, mwalimu akamsifu kwa herufi zake zilizosimama wima, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Alipofikisha miaka arobaini na sita alikuwa ameshakuwa katibu wa kamati ya kisima, ya mbuzi, ya miti, ya vyoo na ya maafa.

Wajumbe walikuwa wale wale kumi. Shirika likija, linataka kuunda kamati yake. Serikali ya wilaya, ambayo watu huiita boma, inasema hapana, tumieni kamati iliyopo. Basi shirika linakubali, halafu linawapa wale wale kumi fulana za rangi nyingine na semina ya siku mbili. Binti yake Falesi huzianua fulana hizo kwenye kamba huku akicheka. "Mama, leo unatoka na mbuzi au unatoka na vyoo?" Enelesi humjibu kwamba leo anatoka na maafa, na Falesi humrushia fulana ya bluu.

Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Baba yake Falesi alikwenda Joni, Afrika Kusini, mtoto akiwa hajaota meno, akaandika barua mbili, kisha akanyamaza. Enelesi alimlea binti peke yake kwa jembe na kwa kamati. Falesi alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa anajifunza cherehani kwa mama mmoja pale sokoni.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema na mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini. Kufikia Novemba watu walikuwa wanapika nsima, ugali wa kwao, kwa pumba. Ikasemekana wafadhili wa ng'ambo wametoa mahindi ya miezi mitatu, na kwamba safari hii boma na shirika watafanya kazi bega kwa bega. Utaratibu wenyewe ulikuwa huu: boma lina orodha ya majina, shirika lina mashine. Siku ya uhakiki watakuja wote wawili, afisa wa boma atasoma jina kwenye karatasi, mwenye jina atasimama mbele ya mashine apigwe picha, na wote wawili watatia sahihi. Asiyepigwa picha siku hiyo, jina linafutwa. Mwaka uliotangulia, katika wilaya nyingine, watu waliokwishazikwa walikutwa wamepokea mahindi, na wafadhili walikuwa hawajasahau.

Enelesi aliiandika orodha ya kwa Chimbalanga mwenyewe. Kaya sitini na mbili. Alipita nyumba kwa nyumba, akaandika, akanakili nakala mbili, moja ya boma na moja ya shirika. Jina lake lilikuwa la arobaini na tatu. Uhakiki ulipangwa Jumatano.

Ijumaa kabla ya hapo Falesi alishikwa na homa. Jumamosi alikunywa dawa. Jumapili alikaa akaomba uji, Enelesi akaona afadhali. Jumatatu hakumtambua mama yake, na Jumanne asubuhi alikufa, kabla ya baiskeli ya kumpeleka zahanati kupatikana.

Watu walikuja kama inavyotakiwa. Katika msiba wa kwa Chimbalanga hakuna anayebaki nyumbani. Wanawake waliingia ndani wakakaa sakafuni pamoja na maiti, wanaume wakakaa nje, vijana wakaenda makaburini na majembe. Kila kaya ilileta sahani ya unga na kuni. Wengine walileta unga ambao kila mtu alijua kuwa ndio wa mwisho, lakini walioupokea waliumimina kwenye beseni bila kuutazama sana. Akina mama wa kanisa waliimba katika nguo zao nyeupe na nyeusi. Enelesi alikaa pembeni mwa kichwa cha binti yake na hakulia. Watu waliliona hilo, wakasema kilio kitakuja chenyewe, lakini hakikuja, hata walipoteremsha jeneza, hata udongo ulipogonga mbao. Mwenyewe alishangaa kidogo kwamba hasikii kitu. Alihisi miguu ina vumbi na koo limekauka, basi.

Mazishi yaliisha Jumatano kabla ya saa sita mchana. Watu walirudi wakakaa uani kwake, chini, kama desturi. Hapo ndipo magari mawili yalipoingia.

Bwana Kamwendo wa boma na dada Thokozani wa shirika walikuwa watu waliofundwa. Walipoona hali, walizima magari mbali, wakavua kofia, wakaja kukaa chini pamoja na watu, wakatoa pole. Walikaa muda wa kutosha. Kisha wakamwita mfumu pembeni, karibu na ghala tupu la Enelesi, na kwa kuwa kuta za mabua hazizuii sauti, Enelesi alisikia yote.

"Mfumu, tunaelewa," alisema Kamwendo. "Lakini kazi ni leo."

"Njooni kesho. Watu ndio kwanza wametoka kuzika."

"Mimi hata keshokutwa naweza kuja na pikipiki yangu. Bila mashine yao nitafanya nini? Nitawatazama tu."

"Na mimi nikija bila mtu wa serikali, uhakiki hauhesabiki," alisema Thokozani. "Kesho yeye ana mkutano, mimi niko kijiji kingine. Keshokutwa majina yanatumwa kwa wafadhili. Nisamehe, baba. Sikuzipanga mimi hizi siku."

"Alizipanga nani?"

Kamwendo akasema, "Tulizipanga pamoja."

Mfumu Chimbalanga alikuwa mtu mzito wa kuamua, na hapa hakuwa na la kuamua. Siku ya kuzika, hakuna anayeinuka kufuata chakula mpaka mwenye msiba aseme. Ukiinuka bila ruhusa yake, umemwambia kwamba tumbo lako ni kubwa kuliko mtoto wake. Hata mlevi wa kijiji anajua. Lakini mwenye msiba akisema "nendeni", basi watu huenda, hakuna aibu yoyote, na jioni hurudi kukaa naye. Neno moja tu lilitakiwa, na lilitakiwa kutoka kwa Enelesi.

Mfumu akaja akachutama mbele yake. "Mama, wageni wanaomba watu. Ni ule uhakiki. Unasemaje?"

Enelesi alimsikia. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba alisikia vizuri sana. Alikuwa anatazama kiatu cha mfumu. Kamba yake ilikatika siku nyingi, akatia kamba ya gome la mti, na gome lenyewe lilikuwa limeanza kuchanika kwenye tundu la pili. Aliona kuwa kabla ya kujibu ni lazima amalize kukitazama kile kiatu.

"Mama Falesi. Watu waende?"

Alitaka kusema. Neno alilijua, lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini mdomo ulikuwa wa mtu mwingine.

"Enelesi, mwanangu. Niambie neno moja."

Mfumu alingoja. Watu wote uani waliinamisha vichwa ili wasionekane wanasikiliza. Mwishowe aliinuka, magoti yakamlia, akaenda kuwaambia wageni kwamba mwenye msiba hajasema.

Basi wakasoma. Ndivyo sheria ilivyotaka, majina yasomwe kwa sauti hata kama hakuna anayeitika. Walisimama hatua ishirini kutoka walipokaa watu, Kamwendo na karatasi yake, Thokozani na mashine yake.

"Biliati Nanjiwa."

Kimya. Bibi Biliati alikuwa amekaa pale pale, amenyoosha miguu, anatazama chungu.

"Ganizani Mtema."

Kimya.

"Lakini nawaona," alisema Thokozani kwa sauti ya chini. "Si wale wamekaa?"

"Unawaona wewe. Mashine inawaona?"

"Inataka wasimame mbele yake."

"Haya. Andika hayupo."

Majina arobaini na mawili yalisomwa, na mara arobaini na mbili kidole cha Thokozani kiligusa kioo. Kisha Kamwendo akasoma, "Enelesi Kaphuka."

Na Enelesi akainuka.

Usimuulize kwa nini. Waliomuuliza hawakupata jibu, naye alijiuliza miezi mizima. Pengine ni mazoea. Miaka mingi, kila karatasi iliposomwa mbele ya watu, yeye ndiye aliyesimama. Alipita katikati ya watu waliokaa kwa ajili yake, na khanga yake ya msiba kichwani, akasimama mbele ya mashine, ikampiga picha, ikatoa mlio mdogo. Halafu alirudi akakaa alipokuwa. Wageni waliendelea na jina la arobaini na nne.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndipo akili yake ilipoanza kuhesabu. Kaya sitini na mbili, aliyehakikiwa mmoja. Alikaa kizingitini akakokotoa mara mbili, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Hakuna aliyemlaumu. Walipita kumsalimu asubuhi na jioni kama zamani, wakamletea maji, wakamfagilia uwanja. Kama wangemtukana angejua pa kushika. Ni Ganizani peke yake aliyejaribu, siku moja kisimani, na Ganizani hutania hata padri. "Katibu, miaka yote ulikuwa unatuandikia sisi. Mwaka huu umeona ujiandikie mwenyewe, eh?" Wanawake wakamzomea. Enelesi alimtazama tu, na Ganizani akaondoka na ndoo yake nusu.

Wiki ya tatu alifunga khanga, akatembea kwa saa nne hadi bomani. Ofisi ya Kamwendo ilikuwa upande huu wa barabara ya lami, ofisi ya shirika upande ule. Unaweza kusimama kwenye mlango mmoja ukaita watu wa mlango wa pili.

"Pole sana, mama," alisema Kamwendo, akamvutia kiti. "Tatizo orodha iko ndani ya mashine sasa. Mashine ni yao. Sisi na wao ni washirika, siwezi kutia mkono kwenye kitu cha mshirika wangu. Vuka hapo, mwone dada."

Akavuka.

"Orodha ni mali ya serikali, mama," alisema Thokozani. Alimpa chai yenye sukari, na hilo lisisahaulike. "Mimi nikiongeza jina bila wao, kazi sina. Mwambie bwana Kamwendo aniandikie barua."

Akavuka. Kamwendo akasema barua ataandika, ila iwe ya pamoja, yenye mihuri miwili, na muhuri wa shirika utangulie. Akavuka. Thokozani akasema muhuri wao hauwezi kutangulia wa serikali, itakuwa utovu wa adabu. Akavuka tena. Walinzi wa pande zote mbili walishamzoea, mmoja akamuuliza kama anauza kitu.

Ingekuwa rahisi kama mmoja wao angekuwa mwizi. Mwizi unamjua, unamchukia, unalala. Hawa walikuwa watu wema wawili, kila mmoja amesimama kwa heshima mlangoni akimpisha mwenzake apite kwanza, na hakuna aliyepita. Barua ilipatikana hatimaye, kwa mihuri miwili iliyogongwa kwa wakati mmoja, ikasomwa kwenye kikao cha pamoja cha mwezi. Enelesi alirudi kusikiliza jibu. Namba zilishatumwa kwa wafadhili, alisema Kamwendo, na kubadilisha kijiji kimoja kutafanya waulize wilaya nzima. Itafikiriwa msimu ujao.

"Basi futeni na langu," alisema Enelesi.

Waliangaliana. Thokozani ndiye aliyejibu. "Mama, likibaki lako, kijiji kinabaki kwenye ramani. Tukilifuta, kijiji kizima kinafungwa. Mwakani hatutakuja kabisa."

Alitembea kwa saa nne kurudi. Njiani alijaribu kumfikiria Falesi, ili aone kama atalia. Alimwona binti yake amesimama kwenye kamba ya nguo. Haikumuuma. Alijichukia kidogo kwa hilo, kisha hata chuki yenyewe ikaisha.

Mahindi yalikuja Januari. Lori lilikuwa limebeba ya vijiji vingine sita, likasimama kwa Chimbalanga njiani. Nyuma yake lilikuja gari la boma, na nyuma ya hilo gari la shirika, kwa sababu hakuna kinachogawiwa bila wote wawili kuwapo. Wakafunga bango kati ya miti miwili, lina nembo mbili. Wakashusha gunia moja la kilo hamsini, mfuko wa kunde na chupa ya mafuta, wakaviweka mezani juu ya kitambaa.

Kijiji kizima kilikuja. Hakuna aliyewaita. Walikuja wakakaa chini, wamekonda, wengine midomo imepauka, watoto hawakimbii. Walikaa wakitazama meza. Mfumu alikuwa amekwisha kusema tangu jana kwamba magari yakiondoka gunia litafunguliwa na kila kaya itapata kibaba chake, ingawa utaratibu unakataza. Wote walijua kibaba hicho ni chakula cha jioni moja.

Kamwendo alisoma kwa sauti, maana lazima isomwe. "Kijiji cha Chimbalanga. Waliohakikiwa, mmoja. Waliofika, mmoja. Utekelezaji, asilimia mia moja." Alipofika hapo sauti ilimpungukia, akakohoa. Alitia sahihi, akampa Thokozani kalamu, naye akatia.

"Mama," alisema Thokozani, "mnufaika mmoja husema maneno mawili matatu ya shukrani. Tunarekodi kwa ajili ya wafadhili. Na kwa kuwa..." Hakumaliza. Mnufaika alikuwa huyo huyo.

Enelesi alisogea mbele ya meza. Simu ilikuwa imeinuliwa mbele ya uso wake. Yeye aliipa mgongo, akawageukia waliokaa chini.

"Siku ile mfumu aliniuliza mara tatu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ile anayosomea kumbukumbu za kikao. "Nilimsikia. Nilitakiwa niseme nendeni. Mlikuwa mnaningoja mimi. Sikusema. Halafu jina langu liliposomwa, nikaenda. Nimewanyima chakula, halafu nikaenda peke yangu."

"Mama, geuka huku kidogo," alisema Thokozani taratibu. "Sema asante tu, inatosha."

Hakugeuka. Alikuwa amesimama mikono imening'inia, kama mtu aliyemaliza kusoma ajenda na sasa anangoja maswali. Ganizani aliinamisha uso. Ndipo bibi Biliati, aliyezidi wote kwa umri na ambaye mashavu yake siku hizo yalikuwa yameingia ndani kabisa, akasema pale pale alipokaa.

"Kaa chini, mwanangu. Hata ungesema, tusingekwenda."

"Tusingekwenda," alisema mwingine nyuma yake.

"Tukuache siku ile? Twende wapi sisi?" alisema Ganizani.

Enelesi alijua ni uongo. Wangekwenda. Angesema neno lile moja, wangeinuka, wangekung'uta khanga zao, wangepanga mstari mpaka jina la sitini na mbili, kisha wangerudi kukaa naye, na leo kungekuwa na magunia sitini na mawili mezani. Bibi Biliati alijua. Watoto wenyewe walijua. Watu hawa wenye njaa walikuwa wanamdanganya mchana kweupe, wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyepepesa macho.

Basi hapo kilio kikamshika. Kilimkunja, akakaa chini mbele ya meza na gunia lake, akamwita binti yake kwa jina, Falesi, Falesi wangu, kwa sauti ambayo hakuitoa siku ya kifo wala siku ya kaburi. Wanawake walijisogeza kwa makalio mpaka wakamzunguka. Thokozani alishusha simu. Kamwendo alivua kofia, akachutama, akakaa chini na yeye, karatasi mkononi.

Alilia mpaka lori likaondoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.